Barua Kumi na Saba, Mwandiko Mmoja

Alhamisi ilikuwa siku yangu. Siku nyingine zote zina wenyewe: ya mwenye nyumba, ya fundi wa pikipiki, ya shemeji anayekuja kusalimia na kiroba kitupu. Lakini Alhamisi saa kumi na moja jioni, basi la Mwanza likishashusha magazeti pale stendi, utanikuta kwenye benchi la kibanda hapa Bomani, mguu juu ya mguu, kama mtu mwenye pensheni. Naruka siasa. Siasa nasimuliwa na kinyozi bure, hata nikifumba macho. Naruka vifo. Nafika ukurasa wa 22, kona ya chini kushoto. Safu ya kompyuta.

Usicheke kwanza. Ilikuwa robo ukurasa tu, imebanwa kati ya mnada wa viwanja na mganga wa kurudisha wapenzi. Mwandishi wake alikuwa anaandika habari za kompyuta chakavu. Siyo simu za kamera nne. Siyo akili mnemba. Kompyuta za watu wa hali yetu, zile za mezani, monita ina chogo, ukiiwasha taa ya jirani inafifia na yeye anakuja kugonga mlango. Mimi ninayo moja. Niliinunua Sirari kwa mtu aliyekuwa na haraka. Sikuuliza haraka ya nini. Nimeifunga kwenye bodaboda, mara simu ikalia mfukoni, meseji: karibu Kenya. Nikajua ni muuzaji ananishukuru. Nikamjibu asante. Salio likakatwa.

Miezi minne ya kwanza nililala nayo chumbani, nimeifunika blanketi. Tarime asubuhi kuna baridi, na nilikuwa nimesikia kompyuta hushikwa na virusi. Nikajua ni mafua. Nani angenisahihisha? Mke wangu alikuwa analia na blanketi lake. Safu ndiyo iliyonisahihisha. Safu ikasema fungua ubavu wa mashine, toa vumbi kwenye feni. Nikafungua. Nikamkuta mjusi, amekauka, mkia umeingia kwenye feni, ametulia kama mlinzi wa zamu ya usiku. Nikamtoa. Mashine ikaacha kunguruma, na badala ya kuwaka kwa dakika ishirini na tano ikawaka kwa kumi na moja. Tangu hapo yule mwandishi nilimhesabu ni ndugu wa damu, ingawa uso wake sijawahi kuuona. Picha yake gazetini ilikuwa inatoka nyeusi tii.

Basi Alhamisi moja nafika ukurasa wa 22. Mikeka.

Robo ukurasa yote, mikeka. Timu za daraja la pili Uturuki, nani atamfunga nani, odi ngapi. Nikafunua 23. Nikarudi 21. Nikalitikisa gazeti, labda safu imedondoka. Muuza magazeti akanyoosha mkono. "Mzee, usilitikise. Hilo lina mwenyewe."

Wiki ya pili, mikeka. Wiki ya tatu, mikeka na tangazo la mikeka.

Nilianza kwa kunung'unika, maana kunung'unika hakuna nauli. Nilinung'unika kwa kinyozi, akanikata vibaya. Nilinung'unika nyumbani, nikaambiwa kama nina nguvu za kulalamika basi zipo za kuchota maji. Nikaishia kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, mtu ambaye ukimuuliza saa anakuanzishia historia.

"Wewe mura," akaniambia, "nyinyi wa siku hizi mnalia ovyo. Andikeni barua. Gazeti la Mamboleo lilipoanza mwaka 1923, wakati wa Mwingereza, wasomaji walikuwa wanaandika barua, wanaandika mashairi, wanajibizana humo humo gazetini. Watu walisikika kwa kalamu."

Nikamwambia Mwalimu, hii ni safu ya kompyuta, Mamboleo haikuwa na kompyuta.

Hapo nikawa nimefungua bomba. Kompyuta ya kwanza nchini, akasema, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo ya hesabu yakaenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kabisa. Na televisheni humo humo, ndiyo maana sisi wa Bara tukangoja mpaka 1994 ndipo tukaona kituo cha televisheni cha kwetu. "Wewe umepokonywa robo ukurasa unalia. Sisi tulipokonywa mashine yenyewe, tukakaa kimya miaka kumi na ushee."

"Sasa Mwalimu, mbona hukuandika barua?"

"Ningemwandikia nani, na niseme nini? Hiyo kompyuta nilikuwa sijawahi kuiona."

Nikaondoka pale nimechanganyikiwa lakini nina ari. Nikapitia kwa mpwa wangu mwenye steshenari, kijana aliyesoma mambo ya TEHAMA na sasa anatoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa. Nikamuuliza: barua zinaweza kuokoa safu?

Mpwa akavuta kiti. Kumbe na yeye alikuwa na hamu ya mtu wa kumsikiliza. Akasema Marekani kulikuwa na tamthilia ya runinga, Star Trek, watu wanazunguka angani kwa chombo. Mwishoni mwa 1967 kituo cha NBC kikawa kinataka kuifuta. Mama mmoja wa California, Bjo Trimble, na mumewe John wakahamasisha watu kuandika. Barua zikapita laki moja. Mwezi Machi 1968 NBC wakatangaza hewani kwamba tamthilia inaendelea.

Nikapiga meza. Laki moja! Nikamuuliza, na hao wa angani walikuwa na safu ya kompyuta? Akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta flashi imeoshwa na suruali.

"Sikiliza basi mwisho wake, Mjomba. Waliirudisha, ila wakaipeleka Ijumaa saa nne usiku, watu wametoka kutembea. Na bajeti wakaipunguza. Mwaka 1969 ikafa."

"Lakini iliongeza mwaka."

"Iliongeza mwaka."

Mwaka mmoja ni Alhamisi hamsini na mbili. Mimi nilishaanza kuzihesabu kichwani. Mpwa yeye alikuwa anaendelea na msiba. Kulikuwa na jarida linaitwa BYTE, anasema, baba wa majarida ya kompyuta, lilianza 1975, likazimwa 1998 huku mamia ya maelfu ya watu wanalisoma. Kwa nini? Matangazo yalipungua. Kulikuwa na Linux Journal, la wale mafundi wa Linux, ambao ni wachache na wabishi. Desemba 2017 likawaaga wasomaji kwa majonzi. Mwezi uliofuata likafufuka. Nikasema hee, barua! Akasema hapana, kampuni moja ilileta hela. Agosti 2019 likafa tena.

"Na kulikuwa na Amiga Format la Uingereza. Hiyo Amiga ilikuwa kompyuta ya kampuni ya Commodore. Commodore wakafilisika 1994. Jarida likaendelea mpaka 2000. Miaka sita, Mjomba, linaandika habari za kompyuta ambayo kampuni yake imeshazikwa."

"Waliwezaje?"

"Wasomaji walikuwa wananunua."

Akalitamka hilo polepole, huku ananiangalia. Akaendelea kuniangalia. Sikuelewa anataka nini, nikadhani ninadaiwa fotokopi. Nikaaga.

Jioni nikaitisha mkutano pale kwenye supu ya kichuri. Nilichagua pale kwa sababu mtu mwenye kichuri mdomoni hawezi kubisha sana. Nikaeleza hali ya safu. Nikaeleza laki moja za Marekani. Bomani hatutafika laki, nikasema, lakini hata kumi na saba zikifika siku moja mhariri ataketi chini. Wakakubali watu kumi na sita. Mimi wa kumi na saba. Nilitaka kulia.

Halafu kila mmoja akaleta sharti lake. Fundi viatu alitaka barua yake iguse mbwa wa jirani. Mama wa supu, bei ya mkaa. Kijana mmoja alikubali kupinga mikeka kwa maandishi, mradi mikeka yenyewe isiondolewe, maana hiyo Jumamosi alikuwa na timu saba na zimebaki mbili. Dereva wa bodaboda alisema hana kompyuta, hajawahi kuigusa, wala hana mpango, lakini kama ni barua inakwenda gazetini basi mwishoni awasalimie watu.

Hapo sikuweza kumkatalia. Sisi tumekulia kwenye kadi za salamu. Unanunua kadi, unajaza majina, unaituma redioni, halafu wiki tatu ukoo mzima hautoki sebuleni mpaka jina litajwe. Mtu wa huku akishika kalamu kuandikia chombo cha habari, mkono wenyewe unakwenda kwenye salamu. Dereva akanipa majina kumi na mawili, kuanzia Mugumu mpaka Nyamongo, "na wote wanaonifahamu".

Wa kuandika sasa. Nani anaandika? Mmoja kasahau miwani. Mwingine mkono una mafuta. Mwingine akasema, mzee, wewe ndiye mwenye kompyuta. Kweli ninayo, ila printa sina, na wino wa mpwa unauzwa kwa bei ya dhahabu ya Nyamongo. Nikaandika zote mwenyewe, kwa mkono, usiku, kwa kibatari kwa sababu tokeni za LUKU zilikuwa zimeisha. Nilijitahidi kubadilisha mwandiko. Tatu niliandika kwa mkono wa kushoto, zikatoka kama zimeandikiwa ndani ya lori kwenye makorongo. Moja niliilaza herufi upande, nikachoka katikati, zikasimama.

Mke wangu akaamka, akazikuta zimepangwa mezani. Akazihesabu.

"Baba Bhoke. Barua kumi na saba unamwandikia nani?"

"Mhariri."

"Mimi tangu tuoane sijapata hata moja."

Akarudi kulala. Nikaendelea, ila kwa unyonge.

Ile yangu mwenyewe niliiwekea shairi, kwa heshima ya Mamboleo. Lilianza hivi: *Mhariri nakulia, safu yetu irejee, / bila hiyo naumia, kompyuta inilee.* Asubuhi nikamsomea Mwalimu. Akahesabu mizani kwa vidole, zikatimia nane nane. Akavua miwani. "Mizani ipo," akasema. "Lakini kompyuta ikulee? Una miaka hamsini na mbili."

Halafu ndiyo likatokea la ngamizi. Hili nalilaumu mpaka leo.

Mwalimu alikuwa amesikia neno kompyuta kwenye shairi, likamkera. Akasema huwezi kumwandikia mhariri wa gazeti la Kiswahili kwa neno la Kiingereza lililovishwa kanzu. Kiswahili chake ni ngamizi. Mpwa, ambaye tulimwendea kutafuta bahasha, akasema neno hilo halitumiki, mtaani wote ni kompyuta. Mama mmoja wa kutoka ng'ambo ya Sirari, amekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho, akasema kwao Kenya shuleni ni tarakilishi. Mwalimu akamwambia tarakilishi ni ya kwenu, sisi tuna yetu. Mpwa akasema watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 walitoa programu nzima ya ofisini kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, ya bure, ya kuandikia na kupigia hesabu, na bado mpaka leo mteja akiingia hapa anasema nifungulie Wodi. Mwalimu akasema huo ndio utumwa wa mawazo. Mpwa akasema bahasha ni mia mbili mbili.

Katika mabishano yoyote mimi humfuata mwenye sauti kubwa. Nikarudi nyumbani, nikafuta kompyuta, nikaandika ngamizi. Barua zote kumi na saba. Kwenye shairi mizani ikapotea, nikaacha hivyo hivyo. Kichwa cha barua ya kwanza kikawa: "Ngamizi zetu hapa Bomani zinatutesa, tusaidieni."

Posta dada wa dirishani alitazama rundo, akanitazama mimi, akashusha sauti. "Pole mzee. Umefiwa?" Nikamwambia ni kampeni. Akanishauri, kwa kuwa anwani ni moja, niziingize zote kwenye bahasha moja kubwa, nitaokoa stempu. Nikakataa. Kampeni ni wingi. Nikalamba stempu kumi na saba mbele ya foleni, ulimi ukakauka, kuna mtoto akaniuliza ni tamu? Hela ile ilikuwa ya sukari na LUKU. Nikafika nyumbani nasema kwa kupinda, nikadhaniwa nimelewa.

Wiki ya kwanza hamna. Wiki ya pili hamna. Ya tatu, muuza magazeti akaniita kwa mkono kutoka mbali. "Mzee, umetoka!" Watu wakajaa. Nikaenda 22, mikeka. Nikaenda ukurasa wa barua, hamna. "Siyo huko," akasema. "Kilimo."

MKULIMA TARIME ALIA NA NGAMIZI. Chini yake picha kubwa ya kiwavijeshi akitafuna hindi.

Nikasoma nimesimama. Shairi limekatwa. Safu haikutajwa. Barua kumi na saba zimesagwa zikawa aya moja, inayosema wananchi wa Bomani wanateswa na ngamizi ambazo ni kuukuu, zinanguruma, na nyingine ndani zina mijusi. Halafu jibu la mtaalamu: kagua mapema asubuhi, puliza dawa jioni, na zilizoathirika vibaya ng'oa, rundika mbali na nyumba, choma moto. Salamu za dereva wa bodaboda zilibaki. Zote kumi na mbili, na wote wanaomfahamu. Usiku ule huko kwao walichinja kuku.

Mke wangu alilisoma jibu la mtaalamu mara mbili. Kisha akauliza kiberiti kiko wapi.

Siku mbili baadaye simu ikalia, namba ya Dar. Sauti ya binti, mpole. "Shikamoo baba. Napiga kutoka gazetini." Nikasimama. Sijui kwa nini, nikavaa na shati. Akaniomba radhi kwa lile la kilimo, aliyeliandika alikuwa mwanafunzi wa mafunzo aliyedhani ngamizi ni kitu cha kuangamiza. Akasema barua wamezisoma zote kumi na saba, ofisi nzima, kwa sauti.

"Ni watu mbalimbali," nikasema. "Mchanganyiko."

"Ndiyo baba. Wote mna herufi g yenye mkia uliopinda."

Nikakohoa. Akaniambia ukweli wake, na sikuweza kumchukia. Ile safu mwenye duka la kompyuta hakuwahi kuiwekea tangazo hata siku moja. Mikeka inalipia nafasi yake na chenji inabaki. Lakini barua kama hizi, akasema, zingewasaidia sana kubisha kikaoni, maana msomaji mmoja anayeandika ni ushahidi kwamba kuna wengine wananunua na hawaandiki. Basi akaenda kutazama daftari la usambazaji.

"Kibanda cha hapo kwenu tunaleta nakala tano. Zinarudi tatu."

Nikanyamaza.

"Zinazouzwa ni mbili, baba. Moja ni ya ofisi. Nyingine tumeambiwa ya kinyozi. Na nyinyi wasomaji waaminifu mko kumi na saba. Sasa nilikuwa nauliza, wewe gazeti unanunulia kibanda kipi, ili tujue pa kuongeza?"

"Haloo?" nikasema. "Mtandao unakatika." Mtandao ulikuwa umejaa mpaka juu.

Nimelifikiria hilo swali kuliko nilivyofikiria kuoa. Kwa ukweli wa Mungu, sikuwahi kujiona mimi si mteja. Nakaa benchi lile kila Alhamisi. Nanunua karanga za mia mbili. Karanga nikimaliza gazeti nakuwa nimelimaliza. Nimeandika kwa mkono wangu, mara kumi na saba, "mimi msomaji wenu mwaminifu wa miaka minne", na stempu nilizolamba zingenunua magazeti ya Alhamisi mpaka mvua za vuli. Nilipomsimulia mpwa, hakusema kitu. Aliniangalia tu, kule kuniangalia kwa siku ile ya Amiga.

Alhamisi iliyofuata nikatoka na buku moja, noti mpya, nimeikunja mara nne ndani ya soksi ili isionwe nyumbani. Nikafika kibandani saa kumi na moja. Mwalimu yupo. Fundi viatu yupo. Dereva wa bodaboda yupo, siku hizi anatembea kifua mbele. Mhanga wa timu saba yupo, anadai timu ya mwisho ilidhulumiwa. Nikasema kwa sauti: nipe gazeti, nanunua.

Kimya. Mwalimu akanisogelea, akaninong'oneza, "Mura, ukilimaliza nipitishie."

Muuza magazeti akaipokea noti kwa mikono miwili. Akaikunjua. Akaiinua kwenye jua linalozama kule ziwani, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaisugua kwa kidole gumba pembeni.

"Utaniwia radhi mzee wangu," akasema. "Miaka minne unasoma hapa. Hela yako siijui."